MELI YA SHEHENA SYBIL NA MWAMBA WA MAJITA

Wananchi wanaoishi visiwani na katika mwambao wa Suguti, Murangi, Bukima na Bwasi wamezoea kuona vyombo vya majini vikipita mbele ya Mlima Majita kila siku. Hata hivyo, si wengi wanaofahamu kuwa tarehe 5 Novemba 1914, katika maji hayo hayo, meli ya shehena ya Waingereza iliyoitwa Sybil iligonga mwamba usiokuwa katika ramani, ikalazimika kupandishwa ufukweni ili isizame. Meli hiyo ilibaki katika mwambao wa Majita, mikononi mwa adui, kwa muda wa nusu mwaka.

Makala haya yanaeleza kwa kifupi asili ya meli hiyo, kazi iliyofanya kabla ya vita na wakati wa vita, sababu za kuachwa Majita, na jinsi ilivyorejeshwa majini. Mwishoni tumeeleza kwa nini habari hizi zinawahusu watumishi wa Serikali na wananchi wa leo.

ASILI YA MELI

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilifika ufukweni mwa ziwa mwezi Desemba 1901, mahali ambapo leo ni mji wa Kisumu. Lengo la reli hiyo lilikuwa kuifikia Uganda, lakini kati ya Kisumu na Uganda kulikuwa na maji. Hivyo reli haikuweza kukamilisha kazi yake bila meli, na meli za ziwani zikawa sehemu ya reli yenyewe: zilimilikiwa na Reli, zikaendeshwa na Reli, na mzigo uliofika Kisumu kwa meli uliendelea hadi pwani kwa gari moshi.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kuifikisha meli kubwa katika ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, lisilo na mto unaoweza kupitisha meli kutoka baharini. Ufumbuzi ulikuwa meli za vipande. Kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley, nchini Scotland, kiliunda meli kamili kwa kuifunga kwa boliti. Kisha kila kipande kilitiwa namba, meli ikafunguliwa, na vipande vikasafirishwa kwa bahari hadi Mombasa na kwa reli hadi Kisumu. Huko mafundi waliviunganisha upya kwa kufuata namba, safari hii kwa misumari ya chuma isiyofunguka, na meli ikashushwa majini.

Meli ya kwanza ya mvuke ya Waingereza katika ziwa hili, William Mackinnon, ilikuwa ndogo, nayo ilishushwa majini mwaka 1900. Baada yake zilifuata meli mbili zilizofanana, Winifred na Sybil, kila moja ikiwa na ukubwa wa tani zaidi ya 600. Kufikia mwaka 1904 zote mbili zilikuwa kazini. Baadaye ziliongezwa Clement Hill, Nyanza na tishari la kukokotea lililoitwa Kavirondo, na vita vilipoanza meli nyingine mbili, Usoga na Rusinga, zilikuwa zinaandaliwa.

KAZI WAKATI WA AMANI

Sybil ilijengwa kwa ajili ya shehena na abiria. Ilichukua pamba, ngozi, karanga, ufuta na mazao mengine kutoka bandari za ziwa na kuyapeleka Kisumu, na iliporudi ilileta nguo, chumvi, mafuta ya taa, vyuma na bidhaa nyingine za madukani. Moto wa mitambo yake ulikokwa kwa kuni, kwa sababu makaa ya mawe yangekuwa ghali mno kuyafikisha ziwani. Kwa hiyo kila safari ya meli ilitegemea watu wa mwambao waliokata kuni, wakazipanga katika vituo, na kuzipakia mabegani.

Inafaa ikumbukwe kuwa kabla ya mwaka 1914 meli za Waingereza hazikuwa ngeni upande wa kusini wa ziwa, uliokuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza halikukamilika hadi mwaka 1928. Katika kipindi hicho chote mazao ya Mwanza, Bukoba, Musoma na Shirati yalikuwa na njia moja nyepesi ya kufika baharini, nayo ni kupitia Kisumu. Meli za Reli ya Uganda zilitia nanga katika bandari za Wajerumani, zikapakia mazao yaliyotozwa ushuru na Wajerumani, na kuyapeleka katika reli ya Waingereza. Biashara haikutambua mpaka uliochorwa katikati ya maji.

Lakini meli za biashara hufuata njia zake. Nahodha aliyeijua vizuri njia ya kuingia Musoma au Mwanza hakulazimika kujua kila jiwe lililoko kati ya bandari hizo. Kamanda Whitehouse wa Jeshi la Majini la Uingereza alifanya kazi kubwa ya kupima mwambao wa ziwa katika miaka ya mwanzo ya reli. Hata hivyo, ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lenye visiwa na ghuba zisizohesabika kwa urahisi, haliwezi kupimwa lote kwa mkono wa watu wachache.

MELI YA MIZIGO YAPEWA MIZINGA

Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Hakuna upande uliokuwa na manowari katika ziwa. Waingereza walikuwa na meli nyingi zaidi, lakini zote zilikuwa za mizigo na abiria. Wajerumani walikuwa na tishari dogo la kukokotea lililoitwa Muansa, nao wakaliwekea silaha mapema.

Mwezi Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka na kuingia Kisii. Katika siku hizo meli ya Winifred ilipelekwa Karungu, ikalikuta Muansa. Winifred ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko tishari hilo, lakini haikuwa na mzinga, ikalazimika kurudi nyuma. Tukio hilo liliwafundisha Waingereza kuwa ukubwa wa meli hausaidii kitu ikiwa haina namna ya kujibu risasi. Meli za Reli zikawekewa mizinga kwenye sitaha, zikapewa maofisa wa Jeshi la Majini, na kuwa kikosi cha majini cha ziwa.

Hata baada ya hapo, kazi kuu ya meli hizo ilibaki ile ile ya kubeba. Mzinga ulikuwa wa kujilinda na kulinda mwambao. Askari, wapagazi, chakula, risasi, farasi na nyumbu ndio waliokuwa shehena. Upande ulioweza kuhamisha watu mia tano kwa usiku mmoja kutoka ghuba moja hadi nyingine ulikuwa na nguvu ambayo upande wa pili, uliolazimika kutembea kwa miguu kuzunguka ghuba hizo, haukuwa nayo. Kwa sababu hiyo kila meli ilikuwa na thamani kubwa, na kupotea kwa meli moja kati ya chache zilizokuwepo hakukuwa jambo dogo.

TAREHE 5 NOVEMBA 1914

Siku za mwanzo za Novemba 1914 zilikuwa mbaya kwa Waingereza katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 3 Novemba walishindwa kuiteka ngome ya Wajerumani huko Longido. Huko Tanga, jeshi kubwa lililoletwa kutoka India lilishindwa na jeshi dogo la von Lettow-Vorbeck, na tarehe 5 Novemba mabaki yake yalikuwa yakipandishwa melini ili kuondoka. Siku hiyo hiyo, mamia ya kilomita kutoka Tanga, Sybil iligonga mwamba katika maji ya Majita.

Hapakuwa na mapigano wala mzinga wa adui. Mwamba haukuwa umeonyeshwa katika ramani, na meli ilikuwa nje ya njia zake za kawaida za biashara. Maji yalipoingia, mabaharia walifanya lile ambalo nahodha yeyote mwenye busara hufanya anapoona chombo chake hakitafika bandarini: waliielekeza meli nchi kavu, ikakaa juu ya mchanga badala ya kwenda chini. Kwa njia hiyo meli iliokolewa isizame, lakini iliachwa katika nchi ya adui.

Msomaji aelewe uzito wa hali hiyo. Meli iliyozama katika kina kirefu haina faida kwa mtu yeyote. Meli iliyokaa ufukweni, ikiwa na tundu katika ubavu au chini, inaweza kuzibwa na kuelea tena. Endapo Wajerumani wangefanikiwa kuizindua Sybil, wangepata chombo kikubwa kuliko Muansa kwa mbali, chenye uwezo wa kubeba askari wengi na mizinga mizito zaidi. Waingereza nao wasingeweza kutuma tena meli zao bila ulinzi. Kwa hiyo jiwe moja lisilojulikana lingeweza kubadilisha hali ya ziwa zima.

KUREJESHWA MAJINI, MEI 1915

Hatua za kuelekea Majita zilichukua muda. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliiteka Shirati, kaskazini mwa Musoma. Mwezi Mei 1915 kikosi cha askari kilichobebwa na meli kiliteremshwa Majita, kikawafukuza Wajerumani kutoka eneo la meli, na kazi ya kuinasua Sybil ikafanyika chini ya ulinzi wa askari hao. Meli ikaelea tena na kurudi mikononi mwa wenyewe.

Kwa faida ya wasomaji wasiofahamu kazi hiyo, kunasua meli iliyopanda ufukweni hufuata hatua nne. Kwanza, meli hupunguzwa uzito: kila kinachoweza kuondolewa, kama shehena, mizinga, minyororo na kuni, hushushwa. Pili, tundu huzibwa kwa mbao, turubai na vyuma, mara nyingi wapiga mbizi wakifanya kazi kwa kupapasa. Tatu, maji yaliyomo hutolewa kwa pampu, na hapo ndipo hujulikana kama viraka vimeshika. Nne, chombo kingine huivuta kwa kamba kutoka kwenye maji ya kina, taratibu, ili mwamba au mchanga usiichane zaidi. Kazi hii ni ngumu hata wakati wa amani. Katika bahari, mafundi hungoja maji ya bamvua yainyanyue meli; ziwani hakuna maji kujaa na kupwa kwa kiasi cha kusaidia, hivyo nguvu yote hutoka kwa pampu, kamba na mikono ya watu.

Mwezi mmoja tu baadaye umuhimu wa meli hizo ulionekana wazi. Tarehe 21 Juni 1915 kikosi cha Jenerali Stewart kilikuwa kinasafiri kwa meli za ziwa kutoka Kisumu. Tarehe 22 kiliteremka karibu na Bukoba, na tarehe 23 mji ukatekwa na kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani kikabomolewa. Kisha askari wote wakapandishwa melini na kurejea Kisumu. Mwezi Juni 1916 Waingereza waliteka Ukerewe, kisiwa kilichokuwa ghala la mchele wa jeshi la Wajerumani, na tarehe 14 Julai 1916 waliingia Mwanza. Vita vya ziwani vikaishia hapo. Katika operesheni zote hizo, meli zilizoundwa kwa ajili ya pamba na ngozi ndizo zilizobeba jeshi.

Pamoja na hayo, haifai kuzungumzia meli na majenerali tu. Nyuma ya kila meli walikuwepo Waafrika waliokoka moto, waliokata kuni, waliopakia na kupakua, na nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi. Idadi ya wapagazi waliofariki katika vita hivyo, kwa maradhi, njaa na uchovu, ni kubwa kuliko ya askari waliouawa kwa risasi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limebaki kuwa ukumbusho wa kikosi chao. Waliovunjika migongo kwa ajili ya vita hivyo hawakuwa wamevianzisha, na nchi iliyopiganiwa ilikuwa yao.

MWAMBA USIO KATIKA RAMANI

Jambo moja katika historia hii linastahili kuzingatiwa na kila mtumiaji wa ziwa. Mwamba ambao haumo katika ramani si lazima uwe mwamba usiojulikana. Wavuvi wa mwambao huu huijua miamba yao kwa majina. Hujua ni wapi nyavu hunasa, ni wapi maji hubadilika rangi, ni mlima upi ulinganishwe na mti upi ili chombo kipite salama. Elimu hiyo hurithishwa kwa mdomo, kutoka kwa baba hadi kwa mtoto, ndani ya mtumbwi. Ramani ya nahodha mgeni haina habari nayo.

Aidha, ziwa lenyewe halikai katika kimo kimoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwezi Mei 2020 yalifikia kimo kilichovuka kile cha mwaka 1964. Mwamba ulioonekana waziwazi katika mwaka mmoja, ambao ndege walitua juu yake, unaweza kuwa nusu mita chini ya maji katika mwaka mwingine. Kwa maana hiyo, hata ramani iliyo sahihi leo inahitaji kurekebishwa, na hata mvuvi mzoefu anapaswa kujifunza upya.

Yafaa pia kusema kuwa hatari za ziwa si miamba peke yake. MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, hazikugonga mwamba. Mamia ya ndugu zetu walipotea katika vyombo vilivyobeba watu kupita kiasi. Nahodha wa Sybil hakujua jiwe lililokuwa chini yake. Sisi tunajua uwezo wa vyombo vyetu, kwa sababu umeandikwa, na hatuna udhuru kama wake.

YANAYOPASWA KUFANYWA

Kutokana na maelezo haya, wananchi na watumishi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Wazee na wavuvi wenye kujua miamba hatari katika maji ya Suguti, Majita na visiwa vya jirani wasaidiane na vikundi vya BMU na Watendaji wa Vijiji ili majina ya miamba hiyo, mahali ilipo na alama za kuitambua yaandikwe. Daftari moja lililotunzwa vizuri katika ofisi ya kijiji linaweza kuokoa chombo cha mgeni.

2. Mtu yeyote atakayeokota kitu kinachofanana na risasi, kombora au sehemu ya silaha ya zamani, nchi kavu au ndani ya wavu, asikiguse, asikigonge wala asikiuze kama chuma chakavu. Atoe taarifa kituo cha Polisi kilicho karibu. Umri wa silaha si dhamana ya usalama wake.

3. Vitu vya kale visivyo vya hatari, kama vyombo vya melini, sarafu, vifungo vya sare au vibao vya mitambo, vitolewe taarifa kwa Ofisa Utamaduni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vitu vya Vita Kuu ya Kwanza ni vya baadaye, na kwa hiyo havina ulinzi huo mpaka Waziri mwenye dhamana avitangaze. Kabla ya tangazo hilo, ulinzi wake pekee ni uangalifu wa mwananchi aliyevikuta.

4. Walimu wa shule za mwambao na visiwani wawahimize wanafunzi kuandika masimulizi ya wazee kuhusu meli, wapagazi na vita, wakitaja jina la msimuliaji, kijiji na tarehe ya kuandika. Walioishuhudia Sybil ikiwa ufukweni hawapo tena. Waliosimuliwa na walioshuhudia nao wanapungua kila mwaka.

Sybil ilikaa katika mwambao wetu kuanzia Novemba 1914 hadi Mei 1915, na ikaondoka bila kuacha jiwe la ukumbusho. Mwamba uliosababisha yote hayo haukuondoka. Ni wajibu wetu kuhakikisha kuwa safari hii unajulikana kwa maandishi, ili chombo kingine kisiugundue kwa njia ile ile.